Shangazi, darasani wananiita "Haipo"

Shangazi shikamoo. Jina langu naomba lisitoke, niite tu binti wa Magu. Nipo mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Mwanza nasoma maendeleo ya jamii, na hii barua naiandika saa saba usiku maana mchana nikishika simu wenzangu chumbani wanachungulia.

Tatizo langu ni kiingereza, ila sio chote. Kuandika naandika vizuri tu, kazi za kikundi wananiachia mimi na maksi tunapata, tena nzuri. Shida ni kuyatoa mdomoni yale maneno ya kitaaluma. Nikiyaona kwenye karatasi maana yake naijua, naweza hata kukuelezea kwa Kiswahili mpaka ukaelewa, ila nikitakiwa niyasome mbele za watu ni kama ndo nayaona mara ya kwanza.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunaprezenti proposali. Yangu inahusu kipato cha kina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na mama yangu mwenyewe ni mmoja wao, anaanika kule kwetu pembeni ya ziwa halafu analeta magunia kwa gari, mimi nimelala juu ya hayo magunia toka nipo darasa la pili kwahiyo hiyo mada naijua nje ndani. Sasa jina la utafiti linaanza na neno "determinants". Nikasoma "ditamainanti". Mwalimu akaniuliza nini? Nikarudia vilevile. Akasema rudia tena. Nikarudia, watu wakaanza kucheka chinichini, nikahisi jasho mgongoni. Kufika slaidi ya "literature review" nikatoa "litelecha leviu", maana r na l zangu zikipata hofu zinabadilishana zenyewe. Halafu ikaja "hypothesis". Nikasema "haipo", nikakwama, nikavuta pumzi, nikamalizia "thesis". Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "kumbe thesis haipo!" Darasa zima likalipuka Shangazi, na mwalimu naye akacheka.

Toka siku hiyo naitwa Haipo. Nikiingia wanasema Haipo yupo. Kwenye grupu la wasapu nikiandika kitu mtu ananijibu "hiyo nayo haipo". Najifanya nacheka nao ila usiku nalia.

Rafiki yangu kaniambia niangalie video za Wamarekani niige wanavyoongea, nimefanya hivyo wiki nzima bando limeisha na nimezidi kuvurugika, sasa hata yale niliyokuwa nayajua natamka nusunusu. Mwingine kaniambia niseme naumwa koo, nimuombe mtu anisomee. Baada ya wiki tatu nadifendi mbele ya jopo. Mimi nimesoma shule ya msingi ya kijijini, kiingereza kilikuwa somo moja tu, masomo yote kuhamia kiingereza ni fomu wani. Ulimi wangu si umeshakomaa? Nifanyeje Shangazi?

Binti wa Magu, Mwanza

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikalazimika kuweka simu chini kwanza, na sababu ni hilo neno "ditamainanti".

Mimi kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilikuwa mwalimu wa kiingereza sekondari, ng'ambo ya maji upande wa Sengerema. Miaka mingi nimefundisha watoto kutamka "determine" kama "ditamaini", kwa ujasiri kabisa, na fimbo mkononi. Ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu wangu, na herufi zenyewe zinakudanganya, "line" unasema laini, "fine" unasema faini, sasa "determine" utaiachaje isiwe maini? Siku nimekaa kwenye semina nikamsikia mtu anasema di-TA-min nikadhani ni neno lingine. Nilivyogundua ni lilelile nilikosa raha kwa siku kadhaa, nikawaza madarasa yote yaliyopita mikononi mwangu. Kwahiyo inawezekana kabisa wewe umefundishwa na mtu aliyefundishwa na mimi, na kama ni hivyo naomba unisamehe. Haya maneno hukuyakosea wewe, uliyakuta kwenye karatasi, hakuna mtu aliyewahi kukaa na wewe akayasema ukayasikia, na ulichofanya ni kile ambacho kila mtu aliyesoma kwa Kiswahili angefanya, kusoma herufi kama zilivyoandikwa. Kwetu hiyo inafanya kazi, tuna irabu tano na kila moja ina sauti yake moja. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20 na zote wanajaribu kuziandika kwa herufi zilezile chache, ndo maana macho peke yake hayawezi kukufikisha.

Sasa nikwambie kitu kimoja ambacho ukikishika hiki, mengine yote ni madogo. Shida yako kubwa iko kwenye mkazo, yaani ile sehemu ya neno unayoikandamizia sauti. Sema kwa sauti hapo ulipo: barabara ya Kenyatta. Halafu sema: kazi imefanyika barabara. Umesikia? Ya kwanza umekandamiza ba-ra-BA-ra, ya pili ba-RA-ba-ra, herufi ni zilezile na maana mbili tofauti kabisa, na mtu akikuchanganyia unageuka kumwangalia. Kwahiyo sikio la mkazo unalo, umezaliwa nalo, hakuna anayekuja kukupandikizia.

Ila Kiswahili kimetuzoesha mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Mwalo tunasema MWA-lo, ukiongeza ni, mkazo unahama wenyewe, Mwa-LO-ni. Tunafanya hivyo bila kufikiri. Ukichukua huo mtindo ukaupeleka kwenye kiingereza unatoka na haipo-THE-sis, ana-LI-sis, metho-do-LO-ji, eko-NO-mi. Yote manne mkazo umekaa sehemu moja nyuma kuliko unavyotakiwa. Wenyewe wanasema hai-PO-tha-sis, a-NA-la-sis, me-tha-DO-la-ji, i-KO-na-mi. Hesabu kutoka mwisho utaona ni silabi ya tatu. Maneno mengi ya chuo yanayoishia na "logy", "graphy", "ity" yanakaa hivyo, na ya "sis" marefu mengi pia, ingawa hayo ya "sis" yana wakorofi, mfano "diagnosis" watu wa udaktari pale Bugando wanasema dai-ag-NO-sis, imebaki ya pili.

Na hapa kuna habari njema ambayo natamani ningeijua nikiwa bado nafundisha. Karibu maneno yote yanayoishia "tion" na "ic" mkazo wake unakaa palepale tunapoupenda sisi, silabi moja kabla ya huo mwisho. In-fo-MEI-shen, e-du-KEI-shen, i-ka-NO-mik, sta-TIS-tik. Hayo mtindo wa Kiswahili unakubeba wenyewe. Kwahiyo ukisema "economic" uko sawa, ukisema "economy" kwa mkazo uleule umekosea, na ndo maana mtu anajiona leo anapatia kesho anakosea bila kujua kwanini, anahisi ulimi wake mbovu. Ulimi ni mzima, ila kanuni ni mbili na yeye ameshika moja.

Kingine kinachoendana na hicho. Sisi kila silabi tunaipa haki yake, sauti kamili. Wao ile isiyo na mkazo wanaimeza, inakuwa kasauti hafifu kasiko a wala e, inapita haraka. Wewe usiihangaikie sana, ukikandamiza ile moja vizuri zingine zitalegea zenyewe.

Hilo jina wanalokuita sasa. Kiswahili tunasema ha-I-po, sauti inapanda kwenye i. Kiingereza hizo mbili za mwanzo zinaungana zinakuwa kama hai ya mtu aliye hai, kisha unakandamiza PO. Hai-PO. Halafu unaachia tha-sis nyepesi kabisa. Mwanangu, ulipokwama ulikuwa umesimama hatua moja tu kutoka kwenye neno sahihi. Sema mara kumi sasa hivi, kimyakimya kama wenzako wamelala: hai-PO-tha-sis. Na ikiwa nyingi unabadilisha mwisho tu, hai-PO-tha-siiz.

Kuhusu th, hiyo unayo. Ni ile ya thamani na thelathini, ulimi unagusa meno ya juu hewa inapita. Wengi wetu huku kanda ya ziwa tunasema samani na selasini, halafu tukifika kwenye "theory" na "method" tunatoa siori na mesodi. Rekebisha kwenye Kiswahili chako cha kila siku, kwenye daladala, ukiomba chenji, na kiingereza kitafuata bila kukuuma. Na ile ya dhahabu ndo hiyohiyo ya "the" na "this".

R na l hapa naongea na wewe kama Msukuma mwenzangu. Kisukuma cha bibi zetu r hakina, kwahiyo kosa hilo lina ukoo, wala sio uzembe, na ndugu zetu Wakurya wao wanavutia upande wa pili. L unabandika ncha ya ulimi juu nyuma ya meno na unaiacha hapo, unaweza kuivuta laaaa mpaka pumzi iishe. R ya kwetu ncha inapiga mara moja na kuachia, huwezi kuivuta ikiwa imebanwa. Fanya mazoezi ya kula na kura, kula, kura, kula, kura, mpaka ulimi ujue njia. Kisha "literature review", l ya mwanzo unaibandika, r zinazofuata zinapiga na kuachia: LIT-ra-cha ri-VYU. R yako ya Kiswahili ni r nzuri tu, haihitaji kukunjwa kama ya Wamarekani.

Na hapo tuje kwa rafiki yako mwenye ushauri wa video. Ana nia njema ila amekupoteza. Kuiga lafudhi ya Marekani wiki tatu kabla ya kudifendi ni kujitwisha mzigo ambao hakuna aliyekuomba, unaanza kufikiria pua na mdomo unasahau dagaa. Mwaka 1995 kuna watafiti wawili wa Canada, Murray Munro na Tracey Derwing, walisikilizisha watu sauti za wageni wanaoongea kiingereza wakawaambia waandike walichosikia, wakakuta mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito kabisa na bado maneno yake yakaandikwa sawasawa. Lafudhi na kueleweka ni vitu viwili. Jopo wakisikia kwamba umetoka Magu hakijaharibika kitu. Wakishindwa kujua umesema neno gani hapo ndo tumeharibu, na kinachofanya washindwe mara nyingi ni huo mkazo.

Sasa hizi wiki tatu. Usikimbilie kiingereza chote. Mtafiti mmoja wa New Zealand, Averil Coxhead, mwaka 2000 alichapisha orodha ya maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya vyuo vya fani tofautitofauti, akapata makundi 570, kila kundi ni neno na ndugu zake wa ukoo mmoja, na hayo peke yake yanabeba karibu asilimia 10 ya matini ya kitaaluma. "Analyse" yumo, "economy" yumo, "method", "theory", "variable", "hypothesis", hata "income" ya kwenye mada yako. 570 tu, na wewe hata hayo huyahitaji yote. Chukua slaidi zako, kila neno ambalo hujawahi kulisikia kwa masikio yako likitamkwa na mtu anayelijua, lipige mstari. Nakadiria hayazidi 40. Hayo ndo mtihani wako.

Kila siku matatu, usizidishe. Fungua kamusi ya Cambridge kwenye simu, bonyeza kialama cha spika, sauti ni ya sekunde moja haili bando kama video. Sikiliza mara tano bila kusema chochote, hili watu wengi wanaliruka, wanataka kusema kabla hawajasikia. Ukiangalia na maandishi yake ya matamshi utaona kakijiti kadogo juu, hako kanakaa KABLA ya silabi yenye mkazo, nimeona walimu wazima wanakasoma kinyume. Kisha liandike kwenye daftari kwa tahajia yako mwenyewe ya Kiswahili, herufi kubwa pale panapokandamizwa, kama nilivyokuandikia mimi. Di-TA-mi-nants. VEA-ri-a-bol. Sig-NI-fi-kans. Kwes-cha-NEA. Usione aibu na daftari hilo, ni lako.

Halafu piga meza. Bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya majembe, umeiona, ngoma ikidunda majembe yote yanashuka pamoja, hakuna jembe linaloshuka kivyake. Tamka neno huku mkono unashuka kwenye ile silabi moja tu. Ukiona mkono unashuka mara tatu ujue umerudi kwenye kusoma herufi. Fanya hivyo mpaka mkono uchoke, halafu liingize neno ndani ya sentensi yako halisi ya slaidi, maana neno peke yake ni rahisi, likikaa kati ya wenzake ndo linateleza. Jirekodi, sikiliza, linganisha. Siku za mwanzo utaichukia sauti yako, vumilia.

Wiki ya mwisho mtafute mtu mmoja unayemwamini, hata huyo rafiki wa video, umprezentie nzima mara tatu. Mwambie asikucheke na asikukatishe, aandike tu neno ambalo hakulielewa.

Siku yenyewe ongea polepole, polepole kuliko unavyodhani inafaa. Neno gumu liache lionekane kwenye slaidi kwa maandishi makubwa, waliokaa mbele watalisoma huku unalisema. Ukikosea rudia mara moja kwa usahihi uendelee, usiombe radhi, ukianza kuomba radhi sauti inazama. Mtu akikurekebisha mwambie asante, lirudie, songa. Na "data" ukisema deita au daata zote zinakubalika, asikutishe mtu, na "research" pia mkazo wake wenyewe wanauweka mwanzo au mwisho, hayo mawili yapumzishe.

Mwalimu wako alikosea. Nasema kama mwalimu. Kurekebisha ni kazi yake lakini kurekebisha ni kulisema neno wewe ulisikie, hakukutajia hata mara moja, alikwambia rudia, rudia, rudia kitu ambacho hukukijua. Na kucheka na darasa ndo kulikokupa hilo jina, wale vijana wasingethubutu. Kama una supavaiza unayeweza kuongea naye nenda ofisini kwake, umwambie una maneno kumi unaomba akusikilize ukiyatamka kabla ya jopo. Wengi wanafurahi mwanafunzi akija hivyo. Na kwa huyo kijana wa nyuma, siku akikuita tena mwambie tu kwa utulivu jina lako halisi, mbele ya watu, usicheke naye. Kucheka naye ndo kunampa ruhusa.

Kuhusu kuumwa koo na mtu akusomee, hapana. Hapo ndipo nakukatalia kabisa. Jopo wakiuliza kwanini mama mwenye magunia mawili anapata faida kuliko mwenye matano, mvua inafanya nini kwenye uanikaji, wanunuzi kutoka Kongo wasipofika wiki nzima inakuwaje kwa mwenye mkopo, huyo msomaji wako atajibu nini? Hayo majibu yapo kwako, uliyapata ukiwa umelala juu ya magunia. Mwenzako anaweza kutamka "determinants" kama amezaliwa London na asijue hata moja.

Ulimi wako haujakomaa, mimi nilibadilisha "determine" nina miaka 41.

Ukishamaliza kudifendi, nirekodie jina zima la utafiti wako kwa sauti yako, uanze na di-TA-mi-nants mpaka neno la mwisho, unitumie hapa. Sitamsikilizisha mtu. Nataka kulisikia mimi.